Mirathi itengewe hakimu wake na siku yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu namna mashauri ya madai yanavyogawanywa katika mahakama zetu za chini. Niliketi mzee wa baraza, yaani mshauri anayekaa na hakimu, kwa miaka kadhaa katika mahakama moja ya mwanzo hapa Tabora, kabla magoti hayajagoma, na hadi leo majirani wa Kanyenye hunipitia nyumbani na karatasi ya wito mkononi, wakiuliza waende chumba gani.

Huko juu kazi iligawanywa siku nyingi. Mahakama Kuu ina Divisheni ya Biashara tangu mwaka 1999, ikaja ya Ardhi, ikaja ya Kazi, na mwaka 2016 ikaongezwa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Mfanyabiashara mwenye mgogoro wa mamilioni anajua mlango wa kugonga. Mjane wa Ng'ambo anayeomba kuteuliwa msimamizi wa mirathi ya mumewe anaanzia mahakama ya mwanzo, na huko yote yamo kapu moja: deni la kikoba, talaka, matusi, wizi wa kuku, mirathi.

Kuna asubuhi moja siisahau. Orodha ilikuwa ndefu na hakimu ni mmoja. Mahabusu waliletwa na karandinga, na karandinga halisubiri, kwa hiyo kesi za jinai zikatangulia. Nyuma kabisa alikaa mama mmoja na bahasha ya kaki: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, picha za watoto ambazo hakuna aliyemwagiza. Saa nane mchana karani akatoka kusoma tarehe. Limeahirishwa. Yule mama akanifuata nje, akaniuliza, "Mzee wangu, mimi nimefuata nyumba ya watoto. Hawa wenye pingu nimegombana nao nini?" Sikuwa na jibu.

Baadaye hakimu akahamishwa. Akaja mwingine, mtu mwema tu, lakini ilimbidi aanze kusoma jalada upya. Huku nyuma shemeji wa yule mama hakulala. Aliuza kiwanja, mnunuzi akakimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kudai chake, na sasa mali ya marehemu mmoja ikawa na majalada mawili katika ofisi mbili zisizosalimiana. Huku wanauliza nani msimamizi wa mirathi, kule wanauliza nani mwenye kiwanja, na hakuna anayetaka kumalizia kabla ya mwenzake.

Na kwetu Tabora kuna msimu. Masoko ya tumbaku yakimalizika na pesa zikilipwa, madai ya mikopo ya pembejeo humiminika mahakamani. Ndoa mpya nazo huongezeka (wanaume wa huku mnajijua), na talaka za wake wa zamani hufuata nyuma. Miezi hiyo mirathi husukumwa pembeni kabisa, maana marehemu hapigi kelele kama mdai aliye hai.

Dar es Salaam walishaliona hili. Temeke kuna Kituo Jumuishi kinachoshughulikia mirathi na mambo ya ndoa, kuanzia mahakama ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu, vyote chini ya paa moja. Sisemi tujengewe ghorofa kama lile. Nasema pale mjini penye mahakimu zaidi ya mmoja, mmoja wao ashike mirathi na ndoa, mwenzake ashike madeni na madai mengine. Penye hakimu mmoja, kama ilivyo katika mahakama nyingi za vijijini, kugawa watu hakuwezekani, lakini kugawa siku kunawezekana. Jumanne iwe ya mirathi tu, asiletwe mahabusu. Mtu anayepanda bodaboda toka porini anajua nauli yake haikwenda bure.

Rafiki yangu mmoja, karani mstaafu, hakubaliani nami. Anasema hakimu akikaa kwenye mirathi pekee atazoeleka, na madalali wa viwanja watajua chai yake anainywea wapi. Ana haki ya kuogopa. Dawa yake ni kuwabadilisha mahakimu kila baada ya muda, kwa sharti moja: majalada aliyoyaanza ayamalize mwenyewe. Akipata uhamisho wa wilaya nyingine hilo halitawezekana, najua, ila akibadilishiwa chumba tu ndani ya jengo lilelile sioni sababu ya jalada kubadili mikono.

Limebaki la kupanga mashauri. Hakimu mfawidhi, yaani msimamizi wa mahakama, ndiye anayeamua jalada liende kwa nani, na mwananchi haoni likipangwa. Kwa kuwa haoni, anabuni. Chini ya mwembe nje ya mahakama nimesikia mengi: faili la fulani limepelekwa kwa hakimu fulani kwa sababu wanatoka kijiji kimoja. Mimi ndani sikuwahi kuona kitu hicho, lakini nikieleza sisadikiwi. Mashauri mapya yapangwe kwa zamu, na orodha ibandikwe kwenye ubao kila Ijumaa: namba ya shauri, jina la hakimu, tarehe ya kusikilizwa. Iwe kwa Kiswahili, kwani tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 hiyo ndiyo lugha ya mahakama.

Namwomba Jaji Mfawidhi wa Kanda ya Tabora ajaribu katika mahakama moja tu ya mjini, kwa mwaka mmoja, kisha tuelezwe mirathi ngapi zilifunguliwa na ngapi zimefungwa.

Mzee wa baraza mstaafu,
Kanyenye, Tabora