Salamu za Hanuka: Imani Iliyokomaa chini ya Wafalme wa Kigeni

Ndugu wapendwa, amani iwe kwenu nyote.

Jioni inayoingiza tarehe 25 ya mwezi wa Kislevu katika kalenda ya Kiyahudi, Wayahudi popote walipo huwasha taa ya kwanza ya Hanuka, na kila jioni huongeza nyingine hadi zitimie nane. Nawatakia heri wote wanaoiadhimisha, wakiwamo ndugu zetu Abayudaya, yaani Wayahudi wa Mbale, nchini Uganda, ambao jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, nchi ikiwa chini ya Waingereza. Msomaji wa Injili ya Yohana naye amekwisha kuipitia sikukuu hii, kwani ndiyo Sikukuu ya Kutabaruku, yaani ya kuliweka hekalu wakfu upya, inayotajwa katika sura ya 10, Yesu alipokuwa akitembea hekaluni wakati wa baridi.

Hanuka husimuliwa zaidi kama habari ya vita vya Wayahudi dhidi ya mfalme wa Kigiriki, na vita kweli vilikuwapo. Hata hivyo, msimu huu ningependa tuanze mbali kidogo, kwa sababu Wayahudi walikuwa wameishi chini ya wafalme wa kigeni kwa zaidi ya miaka 400 kabla ya Yuda Makabayo, kiongozi wa vita hivyo, kushika upanga, na ni katika karne hizo hasa ambapo dini yao ilipata sura tunayoitambua. Nebukadreza aliteketeza hekalu la Sulemani mwaka 586 K.K. na kuwahamishia watu wengi Babeli. Mbali na madhabahu yao, waliohamishwa waliendelea kushika Sabato, tohara na maneno ya manabii, mambo ambayo hayakuhitaji mfalme wala mji. Koreshi wa Uajemi alipoitwaa Babeli mwaka 539 K.K. aliwaruhusu kurudi, na hekalu la pili likakamilika wakati wa Dario. Baadaye Ezra, aliyekuja Yerusalemu akiwa na barua ya mfalme Artashasta mkononi, aliisoma Torati mbele ya watu katika uwanja wa Lango la Maji, tangu mapambazuko hadi adhuhuri, huku Walawi wakiwafafanulia maana yake. Siku ile kitabu kilisomwa kwa watu wote, wanaume kwa wanawake, na chini ya enzi ya Waajemi kikawa uti wa mgongo wa taifa lisilokuwa na mfalme wake.

Wagiriki walipokuja na Aleksanda mwaka 332 K.K., hali haikubadilika mara moja. Wayahudi wa Aleksandria waliifasiri Torati kwa Kigiriki, na Antioko wa Tatu, mfalme wa Kigiriki wa Shamu, alipoitwaa Yudea kutoka kwa Waptolemayo, wafalme wa Kigiriki wa Misri, karibu na mwaka 200 K.K., aliwathibitishia haki ya kuishi kwa sheria za baba zao. Kwa hiyo ugeni wa mtawala peke yake haukuwa sababu ya uasi. Mambo yaliharibika chini ya mwanawe, Antioko Epifane, na naona ni haki kusema kwamba mlango ulifunguliwa kutoka ndani: Yasoni, wa ukoo wa makuhani, alimwahidi mfalme talanta 360 za fedha ili apewe ukuhani mkuu, kisha akajenga uwanja wa mazoezi wa Kigiriki mle mle Yerusalemu. Mwaka 167 K.K. mfalme akapiga marufuku Sabato na tohara, na madhabahu ya hekalu ikanajisiwa. Hapo ndipo Matathia, kuhani wa Modini, aliposimama na wanawe, akiwamo Yuda.

Katika habari zote za vita hivyo, hakuna inayonigusa kuliko ile ya watu waliojificha nyikani wakashambuliwa siku ya Sabato. Hawakurusha hata jiwe, wala hawakuziba mapango yao, na waliokufa walikuwa kama 1,000. Matathia na wenzake waliwaombolezea, kisha wakakata shauri kwamba atakayeshambuliwa siku ya Sabato ajitetee, maana wasipofanya hivyo hatabaki mtu wa kuishika hiyo Sabato. Uamuzi huo ulitolewa na watu walioipenda Torati kiasi cha kuifia, wala haukuwa na lengo la kuilegeza. Tabia ya kuipima amri takatifu mbele ya uhai wa watu iliendelea kukua, na karne nyingi baadaye marabi waliijengea hoja nzito.

Yuda na wenzake walipoliteka hekalu mwaka 164 K.K., walikutana na swali jingine gumu: wafanye nini na mawe ya madhabahu iliyonajisiwa? Hayakufaa kutumiwa tena, lakini hayakuwa ya kutupwa. Wakayaweka mahali pazuri katika mlima wa hekalu hadi atokee nabii wa kuwaamulia, wakajenga madhabahu mpya na kusherehekea siku nane kwa mfano wa Sikukuu ya Vibanda, ambayo hawakuweza kuiadhimisha vizuri walipokuwa maporini. Unyenyekevu wa kuliacha swali wazi nauhesabu kuwa sehemu ya ushindi wao.

Uhuru ambao vita hivyo viliwaletea haukudumu, kwani Pompeyo wa Roma aliingia Yerusalemu mwaka 63 K.K. Sikukuu ndiyo iliyodumu. Hata habari ya chupa ya mafuta ya taa ya hekalu, yaliyotosha siku moja lakini yakawaka siku nane, tunaipata katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokusanywa chini ya wafalme wengine wa Uajemi, Wasasani.

Mwaka 124 K.K. Wayahudi wa Yerusalemu waliwaandikia ndugu zao wa Misri wakiwasihi waiadhimishe sikukuu hii pamoja nao. Barua hiyo imehifadhiwa mwanzoni mwa kitabu cha pili cha Makabayo, ikiwa imeandikwa tarehe kwa hesabu ya miaka ya wafalme wa Kigiriki. Waliwaombea Mungu awatendee mema, alikumbuke agano lake na Abrahamu, Isaka na Yakobo, aifungue mioyo yao kwa sheria yake, asikie sala zao, wala asiwaache wakati wa taabu. Nami nawaombeeni hayo hayo, ninyi na wa nyumbani mwenu, kwa siku zote nane. Heri ya Hanuka.