Reli za Marekani zilibanwa kwa vitabu vya hesabu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Rais Theodore Roosevelt imeieleza vizuri kesi ya mwaka 1904 ya Northern Securities, kampuni iliyoshika hisa za reli kubwa zilizokuwa zikishindana, ila msomaji anabaki akiamini kwamba serikali ya Marekani iliziweza kampuni za reli kwa kuzivunja. Sivyo. Mahakama ya Juu iliivunja Northern Securities kwa kura 5 dhidi ya 4, hisa zikarudi kwa wenyewe, na wenyewe walikuwa walewale, akina J. P. Morgan, tajiri wa benki, na James J. Hill, tajiri wa reli. Bei aliyotozwa mkulima wa ngano pale stesheni haikuguswa.

Kilichomuumiza mkulima na mfanyabiashara mdogo ni punguzo la siri. Reli ilitangaza bei moja kwa wote, kisha mteja mkubwa akapewa yake pembeni. Mfano mzuri ni mafuta ya Standard Oil, kampuni kubwa ya mafuta, yaliyosafirishwa kutoka Whiting, Indiana, hadi East St. Louis kwa reli ya Chicago and Alton. Bei iliyosajiliwa ilikuwa senti 18 kwa kila ratili 100. Standard ililipa senti 6. Sheria ya Elkins ya 1903, iliyokataza punguzo kama hilo, iliruhusu faini ya hadi dola 20,000 kwa kila kosa, na ilimbana mtoaji wa punguzo na mpokeaji pia. Mwaka 1907 Jaji Kenesaw Mountain Landis akahesabu makosa 1,462, kila moja kwa faini ya juu kabisa: jumla dola 29,240,000. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaitengua, na moja ya sababu ni kwamba haikukubali kila behewa lihesabiwe kuwa kosa peke yake. Ndiyo taabu ya kusubiri kosa litendeke ndipo uende mahakamani.

Tume ya kusimamia biashara baina ya majimbo ilikuwepo tangu 1887. Sheria ilitaka bei ziwe za haki, lakini mwaka 1897 Mahakama ya Juu ilisema tume haina mamlaka ya kupanga bei. Ingeweza kusema bei fulani ni mbaya, isiweze kutaja iliyo nzuri. Huo si udhibiti.

Sheria ya Hepburn ya 1906 ndiyo iliyogeuza mambo, na ningependa makala ingekaa hapo zaidi. Wajumbe wa tume waliongezwa kutoka 5 hadi 7. Mwenye mzigo akilalamika, tume inasikiliza pande zote, kisha inaweka kikomo cha bei. Reli ikikaidi, faini ni dola 5,000, na kila siku ya ukaidi ni kosa jipya. Muhimu kuliko yote, tume ilipewa mamlaka ya kuamua namna hesabu zitakavyoandikwa, na kutuma wakaguzi, na sheria ikafanya iwe hatia kwa kampuni kutunza vitabu vingine kando. Punguzo la siri lazima liandikwe mahali. Ukiwa na kitabu kimoja tu na mkaguzi mlangoni, halina pa kujificha.

Bado palikuwa na upenyo: reli ilipandisha bei leo, mlalamikaji akahangaika miezi huku akilipa. Sheria ya Mann-Elkins ya 1910 iliuziba. Tume iliweza kusimamisha bei mpya kabla haijaanza kutumika, na mzigo wa kuthibitisha kwamba nyongeza ni halali ukahamia kwa reli. Mwaka 1911 nyongeza kubwa zilikataliwa kwa njia hiyo. Kampuni zililalamika kwamba zinanyimwa mtaji wa kununua injini na mabehewa, na hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa.

Naomba basi, mtakapoandika tena juu ya nauli kikomo za LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, na mabasi yetu ya Moshi na Arusha, mtueleze mambo matatu: abiria wa kawaida anaanzia wapi kulalamika, hesabu za wenye mabasi zinakaguliwaje, na nani anabeba jukumu la kuthibitisha kwamba nyongeza inastahili.

Msomaji wenu,
Moshi