Tuambieni masaa ya hewani, si saa ya kutoka na kufika tu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lenu kuhusu hii safari ya Nairobi kwenda New York, kwa sababu imetuumiza nyumbani kwetu na najua si sisi peke yetu.

Mamangu ana miaka 71 na ana presha, anameza dawa asubuhi na jioni. Mwezi wa kwanza alienda kumwona dadangu kule. Ajenti wa tiketi alimwambia tu unatoka JKIA saa tano usiku, unatua JFK saa kumi na mbili asubuhi. Mama akahesabu na vidole, masaa saba, akasema ah, hiyo ni kama basi ya usiku ya Mombasa, nitameza dawa yangu nikishafika. Dawa yote akaipanga kwa sanduku kubwa, ile inaenda chini kwa mizigo.

Sasa ukweli ni kwamba ile safari ni masaa 15 hewani. Ni karibu kilomita 11,800, yaani Nairobi hadi Mombasa mara 24 hivi, na New York wakati huo wa baridi iko nyuma yetu masaa manane, ndio maana kwa karatasi inaonekana fupi. Akitua huko alfajiri, hapa kwetu ilikuwa saa nane mchana, na bado laini ya pasipoti, na bado kungoja sanduku. Dadangu anasema mama alitoka pale nje amevaa soksi, viatu ameshika mkononi kwa sababu miguu ilifura haikuingia tena.

Tangu ndege ya moja kwa moja ianze Oktoba 2018 wazee wengi wanasafiri peke yao, hakuna tena kushuka njiani na kunyoosha miguu, kwa hivyo hii maneno ya masaa si kitu kidogo. Na kurudi ndio inachanganya zaidi maana karatasi inakuonyesha karibu siku nzima na hewani ni kama masaa 14 tu, upepo wa huko juu unavuma kutoka magharibi kuja mashariki na unaisukuma ndege.

Ombi langu, mkiandika habari za safari za mbali wekeni masaa ya kukaa kwa kiti, na saa ya kufika kwa saa za Nairobi pia. Maajenti nao wafanye hivyo, kalamu na dakika moja inatosha.

Mama anarudi mwezi wa nne. Nimemwambia dadangu amwandikie kwa karatasi kubwa: masaa 14, simama utembee, dawa ya jioni iko kwa mkoba wa mkononi.

Msomaji wenu wa kila siku,
Donholm, Nairobi