O.K. Corral ilikuwa zizi la kukodisha farasi, si uwanja wa vita

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nichangie makala mliyochapa kuhusu miji ya machimbo ya magharibi mwa Marekani. Niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika Tombstone, Arizona. Hapo mwandishi amerudia lile linalosemwa kila mahali, kwamba akina Earp, ndugu waliokuwa walinzi wa sheria mjini, na rafiki yao Doc Holliday walipigana na akina Clanton na McLaury, wachunga ng'ombe waliokuwa na uhasama nao, ndani ya O.K. Corral. Hawakupigania humo. Mapigano ya Oktoba 26, 1881 yalitokea kwenye kiwanja chembamba kando ya nyumba ya mpigapicha C. S. Fly, mtaa wa Fremont, nyumba kadhaa kutoka mlango wa nyuma wa zizi. Zilipigwa risasi kama 30 kwa muda wa sekunde kama 30, wakafa watu watatu. Filamu ya mwaka 1957 ikaja kulieneza jina la zizi duniani kote kana kwamba ndiko damu ilikomwagika.

Kosa la mahali hurekebishwa kwa mstari mmoja. Kinachoniuma zaidi ni kwamba zizi lenyewe limekosa historia.

O.K. Corral ilikuwa biashara ya John Montgomery na mshirika wake Benson. Lango kuu lilikuwa mtaa wa Allen. Mgeni aliyeingia mjini na farasi aliyechoka alimwacha hapo, akalishwa nyasi kavu na nafaka, akanyweshwa, na mwenyewe akalipa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Asiye na farasi alikodi wa kupanda, au gari pamoja na farasi wa kulivuta. Mtu wa leo achukue gereji, kituo cha mafuta na kijiwe cha teksi, aviweke katika ua mmoja.

Na mji ule usingesimama bila kazi hiyo. Mtafuta madini Ed Schieffelin aligundua madini ya fedha mwaka 1877, mji ukapimwa 1879, lakini reli haikufika Tombstone hadi 1903, wakati neema ya machimbo ilikwisha kupita. Miaka yote ya utajiri, mbao, unga na mashine za migodini viliingia kwa magari ya kuvutwa na farasi na baghala, na mawe yenye madini yakashushwa hivyo hivyo hadi vinu vya kando ya mto San Pedro. Farasi mmoja kwenye joto hunywa lita 30 na zaidi kwa siku, na nchi ile ni kame. Aliyezoa samadi na aliyepiga kwato viatu hawakupata hata sentensi moja katika makala yenu.

Hata ugomvi wenyewe haueleweki bila zizi. Aprili 1881 mji ulipitisha Sheria Na. 9 iliyokataza kubeba silaha mitaani. Aliyeingia mjini alitakiwa aziweke mara tu afikapo, na zizi la farasi lilikuwa miongoni mwa mahali pa kuziachia; akiondoka, anazichukua na kwenda zake. Ndiyo maana lilikuwa jambo zito kujua kama akina Clanton na McLaury walikuwa njiani kuondoka au walikuwa wamekaa mjini na bunduki. Frank McLaury alikuwa bado na farasi wake mkononi mapigano yalipoanza. Shauri la mauaji dhidi ya akina Earp na Holliday, mbele ya hakimu Wells Spicer, lilichukua karibu mwezi mzima, na suala la nani alikuwa na silaha halikukwepeka. Sherifu wa kaunti, John Behan, aliyejaribu kuwanyang'anya akina Clanton na McLaury silaha kabla ya risasi, naye alikuwa na ubia katika zizi jingine la mtaa wa Allen, Dexter. Hilo peke yake lingetosha kumwonyesha msomaji jinsi farasi, fedha na madaraka vilivyokuwa vimefungamana mjini humo.

Mei 1882 moto uliteketeza sehemu kubwa ya maduka ya Tombstone, O.K. Corral ikiwemo.

Ninachoomba, mkirudi kwenye mada hii, mwandishi aanzie langoni mwa zizi: nani alilimiliki, mnyama alikula nini, mwenye bunduki alitakiwa afanye nini akishashuka. Na kama mtachapa ramani, kiwanja cha kando ya nyumba ya Fly kiwekwe mahali pake, mtaa wa Fremont.

Msomaji wenu,
Mwalimu wa historia, Tanga