Msimwambie mtu aanze Black Panther na namba 1, namba 1 zipo nyingi

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Kule kwenye ukurasa wenu wa vijana kuna mdogo wetu mmoja wa huku huku Kanda ya Ziwa aliuliza, kaiona filamu ya Black Panther, sasa anataka kusoma vitabu vyenyewe vya katuni, aanzie wapi? Jibu alilopewa ni la mstari mmoja, eti atafute toleo namba 1 aanzie hapo halafu aende nayo kwa mpangilio. Nimeshindwa kunyamaza maana jibu hilo ndo linalowakimbiza watu. Dogo ataingia intaneti atatafuta Black Panther namba 1 na atakuta ya 1977 ipo, ya 1988 ipo, ya 1998 ipo, 2005, 2009, 2016, 2018, 2021, 2023, zote zimeandikwa namba 1, zote jina ni hilo hilo, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ndo mwanzo wa huyu jamaa. Atachukua yoyote, atasoma kurasa tano hajui nani ni nani, ataiacha, na atasema komiki ngumu.

Sisi tuliokua na jarida la katuni la Sani tulizoea vingine. Ukilikuta toleo la zamani kwa kinyozi unalifungua tu, Ndumilakuwili ni yule yule, Lodi Lofa ni yule yule, kisa kinaanza na kinaisha pale pale. Nadhani ndo maana watu wazima wanajibu kirahisi hivyo. Hizi za Marvel, kampuni ya Marekani inayochapa Black Panther, hadithi inaendelea miaka na miaka, mtu akifa toleo hili anatajwa matoleo mia baadaye, halafu kampuni ikibadilisha mwandishi au mchoraji mara nyingi inaanza kuhesabu upya toka 1, kwa sababu toleo lenye namba 1 linauzika kuliko toleo lenye namba 63. Ni biashara, siwalaumu, ila msomaji mgeni lazima aambiwe.

Huyu Black Panther, jina lake T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika, alitokea mara ya kwanza Julai 1966 kwenye jarida la watu wengine kabisa, Fantastic Four namba 52, la Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Anawaalika Fantastic Four, kundi la mashujaa wanne, nchini kwake halafu anaanza kuwawinda mmoja mmoja, kumbe anajipima, anajiandaa kupambana na adui yake Klaw aliyemuua baba yake T'Chaka. Namba 53 ndo inaeleza kisa chote. Matoleo mawili tu, yana heshima yake, fikiria 1966 Mmarekani anafungua jarida anakutana na mfalme Mwafrika mwenye teknolojia kuliko yeye. Lakini ukisoma leo unaona T'Challa ni mgeni kwenye hadithi ya wenzake, Wakanda yenyewe unaipita juu juu, watu wake huwajui. Ukianzia hapo na ukamuhukumu kwa hapo utakuwa umemuonea. Baadaye mwaka 1968 akaingia Avengers, kundi jingine la mashujaa, na kule ni mmoja wa kundi tu.

Kwa hiyo mdogo wangu aanzie wapi? Aanzie Jungle Action namba 6, Septemba 1973. Najua jina la jarida halivutii, wala halimtaji Black Panther, lakini ndo pale. Hadithi inaitwa Panther's Rage, inaanza namba 6 inaishia namba 18 mwaka 1975, mwandishi Don McGregor, wachoraji Rich Buckler, Gil Kane halafu Billy Graham (msimchanganye na mhubiri, huyu ni mchoraji mweusi wa New York) ambaye kwa macho yangu ndo aliyeibeba.

Jinsi ilivyopatikana nayo inafaa kujulikana. Jungle Action lilikuwa jarida la kurudia visa vya miaka ya 1950, mashujaa wazungu wa porini wanawaokoa au kuwatandika Waafrika, na McGregor, naye mzungu, alikuwa kijana wa ofisini pale Marvel kazi yake kusahihisha maandishi. Akawa analalamika, kwamba inakuwaje miaka ya 1970 bado tunachapa vitu hivi? Wakampa jarida aandike Black Panther humo humo. Akaamua hadithi nzima itakaa Wakanda, na walioijaza wawe watu wa Wakanda, weusi, wakubwa kwa watoto, wema kwa wabaya. Kulikuwa na manung'uniko ofisini kwamba mbona wazungu hawaonekani, akashikilia hapo hapo.

Sasa hadithi yenyewe. T'Challa anarudi nyumbani baada ya kukaa Marekani na Avengers, na amekuja na mchumba Mmarekani, Monica Lynne, mwimbaji. Watu hawampokei kwa vigelegele. Wanamuuliza ulikuwa wapi? Wakati wewe unaokoa dunia huko, huku kuna mtu anaitwa Killmonger anachoma vijiji, na sisi tulimuita mfalme hakuitika. Mhariri, kuna nyumba ngapi kuanzia Magu mpaka Sengerema zina mtoto aliyekwenda nje akakaa, akarudi na mambo yake, na kikao cha kwanza swali ni hilo hilo? Ukiisoma sehemu hiyo huhitaji kujua historia yoyote ya Marvel, unaielewa kama ya jirani. Huyo Killmonger kwenye toleo la kwanza kabisa anampiga mfalme na kumtupa kwenye maporomoko ya maji. Shujaa anaanza kwa kushindwa mbele ya macho yetu, halafu inabidi atembee nchi yake yote, kwenye theluji, kwenye mabwawa, kwenye msitu wenye mijusi mikubwa ya kale, na kila anakopita anakutana na wananchi ambao hakuwa anawajua.

Na waliomzunguka wana maisha yao. W'Kabi mkuu wa ulinzi ndoa inamshinda kwa sababu ya kazi, yaani kuna kurasa mfalme hayupo kabisa unamuona W'Kabi nyumbani kwake na mkewe hawana la kuambiana. Taku, mshauri wa mfalme, anapewa mfungwa wa kumlinda, mmoja wa watu wa Killmonger anayefuga nyoka na uso wake umeharibika, na badala ya kumpiga anaanza kuongea naye, na mazungumzo yale yanaendelea matoleo kadhaa mpaka wanakuwa marafiki. Kuna mtoto pia anaitwa Kantu, mwangalieni huyo mtoto toka anapoingia, siwaambii zaidi. Mwisho wake upo, na ni mwisho wa kweli, huulizwi ukanunue jarida jingine ili ujue kilichotokea. Kwenye komiki za supahiro hicho kitu ni adimu sana, hadithi yenye mwanzo, katikati na mwisho ndani ya matoleo 13.

Ugumu wake niuseme pia ili dogo asije akashtuka. McGregor ana maneno mengi. Visanduku vya maelezo vimejaa, Kiingereza chake kimepanda, kuna sentensi inabidi uirudie. Ushauri wangu ni asome toleo moja kwa siku basi. Zamani lilikuwa linatoka baada ya kila miezi miwili, watu walikuwa na muda wa kulitafuna, halikuandikwa ili mtu alimeze lote usiku mmoja. Aliye kidato cha pili au cha tatu ataliweza akiwa na kamusi pembeni, na Kiingereza chake kitapanda huku anafurahi.

Namba 19 kinaanza kisa kingine, T'Challa yuko Georgia Marekani anapambana na Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, kisa kizuri lakini kilikatwa katikati jarida lilipofungwa 1976. Mwaka uliofuata akaja Jack Kirby mwenyewe na ile namba 1 ya 1977, na ndo nasema msimpeleke mtu pale, maana Kirby aliyaweka pembeni yote ya McGregor, akaanza hadithi ya kutafuta chura wa shaba wa Mfalme Sulemani anayevuta vitu toka nyakati nyingine. Inachekesha na michoro ina nguvu, ila mtu aliyetoka kwenye filamu akianza na huyo chura atadhani kakosea kitabu.

Baada ya Panther's Rage aende kwa mwandishi Christopher Priest, 1998 mpaka 2003, mfululizo wa matoleo 62. Wengi watakwambia hii ndo bora kuliko zote na mimi sibishani nao, Dora Milaje, wale walinzi wa kike wa mfalme, walizaliwa humo, siasa za Wakanda na Marekani zimo humo, T'Challa wa humo ni mtu unayemuogopa maana muda wote keshawaza hatua kumi mbele. Tatizo ni kwamba msimuliaji ni Everett Ross, ofisa wa serikali ya Marekani, na anasimulia ovyo, anaanza katikati, anarudi nyuma, anaruka, anakumbuka alichosahau. Imefanywa makusudi na ni raha tupu ukiwa tayari unaijua Wakanda, ukiwa huijui unapotea toleo la kwanza tu. Ndo maana naiweka ya pili, wala siiweki ya pili kwa sababu ya ubora.

Kama ni mtoto wa darasa la saba hivi, au mtu ana haraka kwelikweli anataka kitu chenye mwendo wa filamu, matoleo sita ya kwanza ya 2005 ya Reginald Hudlin na mchoraji John Romita Jr. yanasomeka mchana mmoja. Shuri dada yake T'Challa alianzia humo. Hayana kina cha yale ya 1973, lakini hayamtupi msomaji. Na mfululizo huo huo mwaka 2006 ndo T'Challa alimuoa Storm wa kundi la mashujaa la X-Men, yule mwenye kuamrisha mvua na radi, ambaye kwenye hadithi mama yake ni wa Kenya, na yeye baada ya kukulia Cairo alisafiri mpaka tambarare za Serengeti. Serengeti hii hii ambayo ukitoka hapa Mwanza kwenda Musoma unapita geti lake la Ndabaka barabarani kabla hujafika Bunda.

Nimeacha ya 2016 mwisho makusudi kwa sababu ndo inayosukumwa zaidi kwa wageni, na ndo inayonigusa mimi. Mwandishi Ta-Nehisi Coates, mchoraji Brian Stelfreeze. Ramani ya zamani ya Marvel iliiweka Wakanda huko Turkana, lakini ya Coates imeileta hapa, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Sijui kama watu wa Dar wataelewa hilo lina maana gani kwa mtu anayeamka kila siku analiona hili ziwa. Tumezoea ziwa likitajwa ni sangara au ni ajali, hapa kuna mtu kakaa Marekani akatafuta pa kuiweka nchi tajiri na yenye akili kuliko zote kwenye hadithi, akachagua maji yetu. Nchi ya kubuni, ndiyo, lakini mtoto wa Kirumba akiona ramani ile anajiona.

Hata hivyo msianze nayo. Ukurasa wa kwanza wa 2016 Wakanda imeshagharikishwa na Namor, mfalme wa baharini, imeshavamiwa na jeshi la Thanos, mbabe toka anga za mbali, Shuri yuko kati ya uhai na kifo, wananchi wameshamchoka mfalme, na yote hayo yametokea kwenye majarida mengine ya miaka ya 2012 hadi 2015 ambayo mgeni hajayasoma. Ni sawa na kuingia kikao cha ukoo saa ya kutoa hukumu. Waliomo wanalia wewe hujui marehemu ni nani. Ukiwa umetoka kwa McGregor na Priest utaona Coates anajibu swali lile lile la 1973, mfalme ana haki gani ya kutawala watu ambao hakuwepo walipomhitaji, na hapo itakuuma inavyotakiwa.

Kuhusu kuvipata, Penguin Classics walitoa kitabu cha Black Panther mwaka 2022 chenye zile Fantastic Four 52 na 53 pamoja na Jungle Action namba 6 hadi 21, kwa hiyo zile mbili za 1966 na Panther's Rage yote vinakaa ndani ya kitabu kimoja ambacho duka la vitabu linaweza kukiagiza. Mwenye kadi ya kulipia mtandaoni kuna Marvel Unlimited, unalipia kwa mwezi au mwaka, na za zamani zimejaa humo. Zile PDF za kuokoteza kwenye magrupu nawaonya, mara nyingi kurasa zimerukwa, na hadithi ya McGregor ukikosa kurasa mbili umekosa kitu.

Naomba ukurasa wa vijana umjibu upya yule dogo. Mwambieni akipata kitabu hicho zile mbili za 1966 azisome kama utangulizi tu, asimamie kwenye Jungle Action 6 mpaka 18, apumzike, ndo amtafute Priest. Na wenye maduka ya vitabu pale mjini, agizeni hata nakala chache muone kama hazitaisha.

Msomaji wenu,
Nyegezi, Mwanza