Vibao vya Kariakoo vitueleze Mahiwa ni wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niufikishie uongozi wa Jiji la Dar es Salaam ombi moja kuhusu mitaa ya Kariakoo.

Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa yetu imepata nguzo na vibao. Ni kazi nzuri, wa bodaboda hahangaiki tena na mzigo unafika. Lakini kibao kinataja jina, basi. Majuzi nilimuuliza kijana anayeuza mabegi Mtaa wa Mahiwa, hiyo Mahiwa ni nini? Akajibu kwamba huenda ni mzee wa Kizaramo aliyekuwa na nyumba pale. Wenzake wakaafiki. Siwalaumu hata kidogo, maana nani aliwahi kuwaambia?

Mahiwa ni mahali mkoani Lindi. Hapo, kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917, Waingereza na Wajerumani walipigana vita vikali kuliko karibu vyote vya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Tandamti nako ni Lindi, kilima kilichogombaniwa Agosti mwaka huohuo. Narung'ombe, upande wa bara ya Kilwa, walipigana Julai. Sasa tembea Kariakoo usome vibao: Mahiwa, Tandamti, Narung'ombe. Waliokufa huko, pande zote mbili, wengi walikuwa Waafrika, wakiwemo askari walioletwa kutoka Nigeria.

Na Kariakoo yenyewe ni jina la vita hivyohivyo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, eneo lile waliligeuza kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Watu wakalitamka walivyoweza, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariakor, kwa sababu ileile.

Kazi ya wapagazi hao ilikuwa mateso. Magari yalikwama kwenye tope, farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, kwa hiyo kila kitu kikaja kichwani kwa mtu: unga, masanduku ya risasi, hata mizinga iliyofunguliwa vipande vipande. Wengi hawakujitolea, walikamatwa vijijini kwao. Walikufa maelfu kwa maelfu, na waliouawa na kuhara, malaria na njaa ni wengi kuliko waliouawa na risasi.

Sanamu ya Askari pale Mtaa wa Samora, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja wapagazi katika maandishi yake kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Lakini aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki na singe. Nairobi walau mpagazi naye amewekewa sanamu. Hapa kwetu alichoachiwa ni jina la Kariakoo, na wanaolitaja kila siku hawajui kwamba wanamtaja yeye.

Wapo watakaosema hayo ni majina ya vita vya wakoloni, yafutwe tuweke ya viongozi wetu. Nawaelewa, ila sikubaliani nao. Mtaa wa Samora uliitwa Acacia Avenue wakati wa Mwingereza, ukaja kuwa Independence Avenue, kisha ukapewa jina la Samora Machel. Ilikuwa sawa kabisa, kwa sababu ndani ya Acacia hapakuwa na mtu wetu. Ndani ya Mahiwa wamo babu zetu.

Mikocheni na Mwembechai hazihitaji bango, majina yanajieleza. Haya ya Kariakoo hayajielezi. Chini ya kila kibao iongezwe mistari miwili: mahali gani, mwaka gani, nini kilitokea. Na soko kuu, lililoungua Julai 2021 na kujengwa upya, libandikwe bamba ukutani, kwenye lango ambalo wachukuzi wetu wa leo wanapita na magunia mgongoni, lieleze neno Kariakoo limetoka wapi na wapagazi wale walikuwa akina nani.

Wataalamu wa historia wapo Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wazee wa Kariakoo na Gerezani waliosimuliwa na baba zao bado wapo, ingawa wanapungua. Jiji liwakalishe meza moja kabla bamba la kwanza halijaandikwa, na kazi ianzie Mtaa wa Mahiwa.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam