Barua ya malalamiko: mmeondoa meza za tyuni, na uzi wa ala ya kanuni hauko tena kwenye sauti yake

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kupitia kwa wakala wenu wa Afrika Mashariki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU TOLEO JIPYA LA PROGRAMU YENU YA USANISI WA SAUTI

Mimi ni mpiga kinanda na mpangaji wa muziki wa taarab hapa Unguja. Programu yenu, ambayo hutengeneza sauti za ala ndani ya kompyuta, niliinunua kwa wakala wenu, leseni kamili, na risiti ninayo. Nimeitumia kwa miaka na muda wote huo nimewasifia kwa wenzangu. Maprodyuza kadhaa wa hapa Mjini wameinunua kwa sababu waliisikia studio kwangu. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa wakala ameniahidi kuwafikishia barua hii pamoja na tafsiri yake. Namwomba mtafsiri asiache tarakimu hata moja, maana malalamiko yangu yamo ndani ya tarakimu hizo.

Toleo jipya limeondoa uwezo wa kupakia meza za tyuni. Katika toleo lililopita, kwenye ukurasa wa mipangilio, kulikuwa na sehemu ya kupakia faili la Scala, lile faili dogo la maandishi linaloieleza programu kila noti ikae wapi. Sehemu hiyo haipo tena. Tulichobakiwa nacho ni noti 12 katika oktava, kila moja iko senti 100 kutoka kwa jirani yake (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti, na oktava nzima ina senti 1,200), na kitufe kimoja cha kuzipandisha au kuzishusha zote kwa pamoja.

Kwa muziki unaopigwa na piano hiyo inatosha. Kwa taarab ya asili haitoshi. Chukueni Rasti, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, ambayo mwanafunzi wa udi huianza mapema kabisa. Ukianzia Do, noti ya tatu haikai senti 300 wala 400. Inakaa katikati, karibu na 350, na ya saba hukaa karibu na 1,050. Nasema "karibu" kwa makusudi, kwa sababu kila mji una mahali pake. Meza yangu ya Rasti niliitengeneza nikiwa nimekaa na mzee mmoja mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa. Yeye alikuwa akiinua na kushusha vile vijichuma vidogo vilivyo kushotoni mwa nyuzi, anadonoa, anasikiliza, anatikisa kichwa, anagusa tena, na akiridhika ndipo mimi nasoma kipimo na kuandika. Noti yake ya tatu ilitoka juu kidogo ya 350. Hakutaka hata senti chache zibadilishwe. Kazi ile yote ilihifadhiwa katika faili ambalo programu yenu, kuanzia toleo hili, haitaki hata kulifungua.

Na ingekuwa imekataa kwa kusema, ningejua la kufanya. Programu ilijisasisha yenyewe. Nilipofungua mradi wa zamani ilinionyesha jina la mradi, sauti zote zikiwa mahali pake, bila onyo lolote. Meza ya tyuni ilikuwa imetupwa kimyakimya na kuwekwa noti 12 za kawaida. Nilipohifadhi, ikaandika juu ya faili la zamani.

Nililijua kosa hilo mbele ya mwimbaji. Alikuja bibi mmoja anayeheshimika sana katika fani hii, aje arekodi beti alizokwisha kuzifanyia mazoezi kwa kanda niliyompelekea kabla ya sasisho. Akavaa spika za masikioni, akaanza, alipofika kwenye noti ya tatu akasita. Akaanza tena, akasita palepale. Akavua spika akaniambia, "Mwanangu, kinanda chako leo kinanipinga." Alikuwa sahihi kabisa. Yeye aliimba karibu na 350, kinanda kikapiga 400. Tofauti ya senti 50 kwenye noti inayoubeba wimbo mzima haifichiki kwa mwangwi wala kwa kupunguza sauti. Tuliahirisha kurekodi, nauli yake nikailipa mimi.

Niliwaandikia. Jibu la idara yenu lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilinishauri nitumie gurudumu la kupindisha sauti. Ushauri huu umetolewa na mtu ambaye hakujaribu. Gurudumu katika MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta hupeana maagizo, lina hatua 16,384, katikati yake ni 8,192, na programu yenu kwa kawaida huipindisha sauti nusu toni mbili juu na nusu toni mbili chini. Kushusha senti 50, basi, ni kuliweka kwenye 6,144. Hesabu hiyo naijua na naweza kuiandika kwa mkono. Lakini ujumbe wa gurudumu unaathiri chaneli nzima. Kanuni hupigwa kwa mikono miwili, mara nyingi mkono wa kushoto ukirudia oktava ya chini, na nyuzi hazizimwi kila zinapodonolewa. Do ya mwanzo bado inavuma wakati noti ya tatu inaingia. Nikilipindisha gurudumu kwa ajili ya noti ya tatu, ile Do nayo inashuka robo toni pamoja nayo. Njia ya kuipa kila noti chaneli yake, ile inayoitwa MPE, ilipitishwa kuwa kiwango rasmi cha MIDI mwaka 2018, ila programu yenu haina.

Sehemu ya pili ya jibu ilisema kwamba uwezo huo ulitumiwa na wateja wachache. Hili limeniuma kuliko lile la kwanza. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kilianzishwa hapa Unguja mwaka 1905, na kile cha Culture Musical Club mwaka 1958. Tangu 2002 Zanzibar ina chuo cha muziki wa nchi za jahazi ambako vijana wanajifunza kanuni, udi na fidla. Toka hapo upande juu hadi Cairo na Istanbul, uende Tehran, kisha Java kwenye gamelani ambako kila seti ya vyombo ina tyuni yake. Hao wote hawawezi kupiga muziki wao kwa noti 12 zilizolingana. Ikiwa wateja wa huko ni wachache kwenye daftari lenu, sababu mojawapo ni kuondoa kitu pekee kinachowafanya wainunue.

Nami nasema hili kama mpiga kinanda. Vinanda vilipoingia kwenye taarab viliuletea muziki wetu sauti nyingi na kupunguza gharama, lakini vilikuja na noti 12, na waimbaji wengi vijana wamejifunza kuimba kwa kufuata kinanda. Leo ukimpa kijana wimbo wa zamani wa Rasti, noti ya tatu anaipeleka 400 bila kujua. Nilipoanza kutumia meza za tyuni kwenye programu yenu niliona kuwa kinanda kinaweza kuirudisha noti ile badala ya kuifuta. Wanafunzi wangu wameisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwenye kompyuta. Ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo hili kama kitufe kimoja kilichohamishwa.

Kuna kosa la pili, na hili halihusu taarab peke yake. Sauti yenu ya uzi wa kudonolewa haiko kwenye tyuni hata ukipiga noti za kawaida. Mwongozo wenu unasema inatumia njia ya Karplus na Strong, iliyochapishwa mwaka 1983. Njia hiyo naipenda sana kwa urahisi wake: kelele fupi inaingizwa kwenye foleni ya sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti vinavyofuatana maelfu kwa sekunde, inazungushwa, na kila mzunguko unachukua wastani wa sampuli mbili zilizofuatana, hivyo ukali wa sauti unakufa upesi na mvumo unabaki, kama uzi wa kweli. Urefu wa foleni ndio unaoamua noti. Shida yake inajulikana tangu siku hizo: foleni lazima iwe na sampuli kamili, na ule wastani unaongeza nusu sampuli. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, foleni ya sampuli 50 inatoa hezi (mitetemo kwa sekunde) 873, na ya sampuli 49 inatoa hezi 891. Noti ya La, yenye hezi 880, haipo kwenye mojawapo.

Nimepima toleo lenu jipya. Noti ile ya La inatoka 873, yaani senti 13 chini. Noti ya Si inayofuata, inayotakiwa kuwa 988, inatoka 991, yaani senti 6 juu. Hatua moja tu, ya La hadi Si, imetanuka kwa senti 19. Do ya juu yake inashuka tena, Re iko karibu sawa. Hakuna tyuni ya kinanda inayoweza kurekebisha hilo, maana kila noti imekosea kivyake. Nilipopandisha kasi hadi 96,000, La ikasogea hadi 877, na hapo ndipo nilipopata uhakika kwamba tatizo ni urefu wa foleni. Kompyuta yangu haihimili kasi hiyo nikiwa na fidla, udi na dumbaki ndani ya mradi mmoja, na hata ingehimili, 877 bado si 880.

Dawa yake ni ya mwaka uleule wa 1983. David Jaffe na Julius Smith walionyesha kwamba chujio dogo, linalopitisha masafa yote na kuyachelewesha kwa sehemu ya sampuli, linaifikisha noti mahali pake. Toleo lenu la zamani lilikuwa sahihi, kwa hiyo nadhani chujio hilo au kitu kama hicho kilikuwemo. Maelezo ya toleo jipya yanajivunia kwamba programu sasa ni nyepesi zaidi kwa prosesa. Kama wepesi huo umepatikana kwa kuondoa hesabu ya tyuni ya uzi, basi mmeipunguza bidhaa mkaiita maboresho.

Msiniambie kwamba haya ni mambo mazito kwa kampuni kuyabeba. Kiwango cha tyuni cha MIDI kipo tangu 1992. Csound, programu ya sauti iliyoandikwa na Barry Vercoe pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1986, ni ya bure, na ndani yake mtu anaandika hezi anazozitaka. Surge XT, programu ya usanisi kama yenu, nayo ni ya bure, inatunzwa na watu wanaojitolea, na inafungua faili langu la Rasti kama lilivyo. Nimebaki na programu yenu kwa sababu uzi wenu, ulipokuwa kwenye tyuni, ulikuwa na mdonoo mzuri kuliko wote niliousikia kwenye kompyuta, ule mguso wa kwanza wa ukucha kabla noti haijafunguka. Aliyeutengeneza ana sikio. Naomba barua hii imfikie yeye hasa.

Ninachotaka ni hiki. Rudisheni upakiaji wa faili za Scala, na meza ihifadhiwe ndani ya mradi wenyewe ili faili likihamishwa kompyuta nyingine isipotee. Rekebisheni tyuni ya uzi, na kama mnaogopa mzigo wa prosesa, wekeni chaguo, mwenye kompyuta dhaifu achague mwenyewe. Programu isifungue mradi wa zamani kwa kubadilisha tyuni bila kuuliza, na isiandike kamwe juu ya faili la toleo lililopita. Wakati mnayafanyia kazi hayo, toleo la zamani lipatikane kupakuliwa kwa wenye leseni, pamoja na namna ya kuzuia programu kujisasisha. Hilo la mwisho halihitaji mhandisi, linaweza kufanyika wiki hii.

Kama hakuna mpango wa kurudisha meza za tyuni, basi nirudishieni fedha za leseni, kwa sababu bidhaa niliyoinunua ilitangazwa kuwa na uwezo huo na ukurasa wa tangazo nimeuhifadhi. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 30. Lisipokuja, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani jijini Dar es Salaam, kwa kuwa mauziano yalifanyika huko.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, meza yangu ya Rasti, vipimo vya noti za uzi kwa matoleo yote mawili, na sauti mbili fupi za kipande kilekile, moja kabla ya sasisho na nyingine baada yake. Mhandisi azisikilize kwa spika za masikioni, aanzie kwenye noti ya tatu.

Wenu mteja,
Mpiga kinanda na mpangaji wa muziki,
Mjini Unguja.